Hiyo 30 ni Nini? Kuhusu Vipimo vya Muda Ndani ya Msimbo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, nakaa Makorora, na huu ni mwaka wangu wa pili katika kazi ya kuandika programu. Ofisini tuko wanne. Kazi ya kila mmoja hupitiwa na mwenzake kabla ya kuunganishwa na za wengine, na anayepitia ya kwangu ni kaka mmoja aliyenitangulia kazini. Wiki iliyopita alinirudishia kazi ya siku tatu kwa ajili ya mstari mmoja, `muda = 30`. Pembeni aliandika neno moja tu: "Kipimo?" Nikaongeza komenti (yale maelezo ya kusomwa na watu, ambayo mashine huyaruka), akanirudishia tena, safari hii akasema komenti peke yake haitoshi. Je, huu si ukorofi tu? Komenti ya kipimo inasaidia nini ikiwa programu inafanya kazi? Na kama ni lazima, niiandike wapi, na kwa Kiswahili au Kiingereza? Halafu tuna mafaili ya zamani kibao yasiyo na vipimo, nayo nianze kuyarekebisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja, na sikukipata. Umeniambia unakaa wapi, mko wangapi ofisini, kazi imekuchukua siku ngapi. Hiyo 30 ni nini, hukuniambia. Sekunde? Dakika? Siku za kumkumbusha mteja bili yake? Mimi kazi hii nimeifanya miaka mingi na bado nimebaki kukisia. Kaka yako naye alibaki vivyo hivyo, ila yeye hakutaka kukisia, akauliza. Hapo sioni ukorofi. Namna alivyouliza nitaisema mbele, maana na yeye ana lake.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Nenda kijiwe chochote cha kahawa Ngamiani, mwambie mtu "tukutane saa mbili". Kama ni jua la asubuhi, ataelewa unamaanisha saa mbili baada ya kupambazuka. Kama ni jioni, ataelewa saa mbili baada ya magharibi. Mgeni aliyeshuka basi kutoka ng'ambo na saa yake ya mkononi atasikia kitu kingine kabisa, naye atakuja wakati ninyi mmelala. Namba ni ile ile, mbili. Kinachotofautiana ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Ndiyo maana lugha yetu ina maneno kama "usiku wa kuamkia Ijumaa". Wazee waliona kwamba "usiku wa Ijumaa" utawagombanisha watu, mmoja akihesabu siku tangu jua lilipozama na mwingine tangu alfajiri, wakaongeza neno moja ugomvi ukaisha. Hilo neno moja ndilo analolitaka kaka yako.

Sasa tuje kwenye msimbo. (Vijana wa maofisini husema "kodi", nami niliacha kulitumia siku mama mwenye nyumba aliponisikia kwenye simu nikisema "kodi imegoma".)

Ugumu wa muda ni kwamba mashine haina habari na kipimo. Ukiipa 30, inaona 30. Kipimo kimo kichwani mwa aliyeandika fankisheni unayoiita, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, na waandishi hao hawakukaa kikao. Chukua jambo dogo kuliko yote, kuiambia programu isubiri. Katika lugha ya C kwenye Linux, `sleep` inahesabu sekunde. Kwenye Windows kuna `Sleep`, tofauti yake ni herufi kubwa tu, nayo inahesabu milisekunde, ambazo elfu moja ndizo sekunde moja. Python: `time.sleep`, sekunde. Java: `Thread.sleep`, milisekunde. JavaScript: `setTimeout`, milisekunde. Go ndiyo inayowaumbua wengi, kwa sababu ukiandika `time.Sleep(10)` umesubiri nanosekunde kumi, sehemu kumi za bilioni za sekunde, yaani hujasubiri. Mtu akitoka Python asubuhi akaingia JavaScript mchana, mkono wake bado unaandika sekunde. Na programu haitalalamika. Itasubiri milisekunde 30 badala ya sekunde 30, seva ya upande wa pili itaonekana kila mara haijibu, na ninyi mtaanza kuilaumu mitandao ya simu.

Unauliza komenti inasaidia nini kama programu inafanya kazi. Acha nikusimulie kisa changu, na aibu ndani yake ni yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mpitiaji.

Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, chumba chake cha baridi kikiwa si mbali na Deep Sea, ambako ngalawa na mashua hushusha. Umeme ulikuwa ukiyumba, na kompresa yake ikawa inaungua. Kompresa ya friji, ukiizima, haitaki kuwashwa papo hapo. Gesi upande mmoja bado ina shinikizo kubwa, na mota ikilazimishwa kuanza wakati huo inavuta umeme mwingi bila kuzunguka. Fundi friji alitaka ipumzike angalau dakika tatu. Kijana niliyekuwa namfundisha akatengeneza kidhibiti kwa bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa: volti ikishuka, relei (swichi inayoendeshwa na bodi) inakata; volti ikirudi, inangoja, ndipo inawasha. Juu kabisa ya faili aliandika:

    const int PUMZIKO = 180;   // dakika 3 kabla ya kuwasha tena

Mistari kama mia mbili chini yake:

    delay(PUMZIKO);

Nilipopitia, macho yalitua kwenye komenti. Dakika tatu, mara sitini, mia na themanini. Sawasawa. Nikakubali. Hesabu niliikagua vizuri sana. Sikuifuata ile namba ilikokwenda. `delay` ya Arduino inahesabu milisekunde. Kompresa ya mama yule ilipewa mapumziko ya chini ya moja ya tano ya sekunde.

Mchana hatukuona kitu, maana umeme ulikuwa mzuri. Usiku volti iliposhuka, relei ilikata, volti ikapanda kidogo kwa kuwa mzigo umeondoka, relei ikawasha, kompresa ikavuta, volti ikashuka, relei ikakata. Mlinzi alisema alisikia kitu kikigonga tak, tak, tak, akadhani ni muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, mpaka akajiuliza kahawa gani ya saa nane usiku. Bahati nzuri alizima swichi kubwa.

Kesho yake tukasahihisha, tena kwa haraka, mama kasimama mlangoni na kanga yake mabegani. Kijana akaandika:

    delay(3 * 60 * 1000);   // dakika 3 kabla ya kuwasha tena

Nikatazama. Tatu, mara sitini, mara elfu: milisekunde laki moja na themanini elfu. Komenti inasema dakika tatu, hesabu inasema dakika tatu. Nikakubali mara ya pili. Alfajiri mama akapiga simu. Hakunigombeza, na afadhali angenigomba. Alisema tu, "Mwanangu, hili dude lenu leo limelala." Umeme ulikatika usiku ukarudi, na kompresa haikuwaka tena.

Kwenye Uno, namba ya kawaida, `int`, ina biti 16. Mwisho wake ni 32,767. Ukizidisha 180 kwa 1000 ndani ya chombo hicho, namba inamwagika na kuzunguka, inabaki −16,608. Halafu `delay`, ambayo haipokei namba hasi, inaisoma hiyo kama milisekunde 4,294,950,688. Zigawe upate siku: arobaini na tisa na ushei. Tulikuwa tumeiambia friji ingoje zaidi ya mwezi mmoja na nusu. Kompaila, ile programu inayougeuza msimbo uwe lugha ya mashine, ingeweza kutuonya, lakini maonyo yalikuwa yamezimwa kwenye programu tuliyokuwa tukiandikia, na hakuna kati yetu aliyewahi kuyawasha. Samaki waliokolewa kwa barafu ya kununua, na barafu tulilipa sisi.

Angalia vizuri: mara zote mbili komenti ilisema kweli kuhusu nia, na mara zote mbili msimbo ulifanya kitu kingine. Ndiyo maana kaka yako alipokwambia komenti haitoshi, mimi nipo upande wake. Komenti ni ahadi ya mwandishi. Kazi ya mpitiaji ni kwenda kuona kama ahadi imetimizwa pale namba inapovuka mpaka, pale inapotoka mikononi mwako na kuingia kwenye fankisheni ya mtu mwingine, kwenye kanzidata, au kwenye ujumbe unaokwenda seva nyingine. Chombo cha NASA kilichopotea Mars mwaka 1999 watu hukitaja kila penye mazungumzo ya vipimo. Hawakumbuki kwamba kosa lile halikuwa la kukosa maandishi. Waraka wa makubaliano ulikuwepo, ukitaka hesabu itolewe kwa newton-sekunde. Programu ya ardhini ikatoa kwa pauni-sekunde. Sekunde zilipatana, kilichogombana ni nguvu. Karatasi ilisema sawa na hakuna aliyeilinganisha na msimbo.

Basi kipimo kikae wapi? Mimi napanga hivi. Ikiwa lugha yako ina aina maalumu ya muda, itumie na usiandike komenti ya kipimo. Java inayo `Duration` tangu toleo la 8, C++ inayo `chrono` tangu toleo la 2011, Python inayo `timedelta`, na Go ukiandika `10 * time.Second` umeshasema kila kitu. Hapo kipimo kimo ndani ya thamani yenyewe. Huwezi kumpa mtu muda bila kipimo chake, kama usivyoweza kuuza mafuta ya taa bila chombo. Ikiwa lugha haina, au maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine) uliyolazimika kuitumia inapokea namba tupu, kipimo kiingie kwenye jina: `muda_wa_kungoja_ms`. Jina linasafiri na namba. Komenti inabaki juu ya faili ilipozaliwa, na mistari mia mbili chini hakuna anayeiona, kama mimi nilivyoonja.

Hapo utauliza, kama jina limebeba kipimo, komenti ya nini tena? Ya kusema yale ambayo jina haliwezi kubeba. Kwa nini namba hii na si nyingine. Imehesabiwa kuanzia wapi. Nani ataumia ikibadilishwa. Hii ndiyo iliyopo leo kwenye kidhibiti cha mama (hizo UL zinaiambia mashine itumie chombo kikubwa cha biti 32):

    // Milisekunde, kwa sababu delay() haijui kingine.
    // Kompresa ikizimwa, shinikizo la gesi lazima litulie kwanza;
    // fundi friji ametaka mapumziko yasipungue dakika tatu.
    // UL isiondolewe: int ya Uno ni biti 16.
    const unsigned long PUMZIKO_MS = 3UL * 60UL * 1000UL;

Mtu akija mwakani akataka kuifanya dakika mbili ili chumba kipoe haraka, komenti itamzuia mlangoni. Ile ya mwanzo ingemruhusu. Na usiandike komenti inayorudia namba tu, kama `muda = 30  # sekunde 30`. Siku moja mtu atabadili 30 iwe 45, ataacha komenti kama ilivyo, na utakuwa na mashahidi wawili wanaopingana. Andika kipimo na sababu. Namba inajisema yenyewe.

Kuna jambo jingine linalostahili komenti na ambalo wapitiaji wengi hulipita: kipimo ulichokichagua ndicho kinachoamua kihesabio chako kitajaa lini. Kihesabio cha biti 32 kisicho na namba hasi, kikihesabu milisekunde, kinarudi sifuri baada ya siku 49 na saa 17 hivi. `millis` ya Arduino iko hivyo, na Windows 95 iliganda kwa sababu hiyo hiyo. Kikihesabu sehemu za mia za sekunde na kikiwa na nafasi ya namba hasi, kinajaa baada ya siku 248. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru umeme wa ndege za Boeing 787 uwe unazimwa kabla ya kufika huko, kwa kuwa vidhibiti vya majenereta vilikuwa na kihesabio ambacho kingefurika. Cha namna hiyo hiyo kikihesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, kinafika ukingoni 19 Januari 2038. Kwa hiyo ukiona `millis` kwenye kazi ya mwenzako, usiishie kwenye kipimo. Tazama kama ameandika `sasa - mwanzo >= PUMZIKO_MS`, ambayo inavuka ukingo salama, au `sasa >= mwanzo + PUMZIKO_MS`, ambayo siku ya hamsini itakufedhehesha. Mistari hiyo miwili darasani huhesabiwa kuwa sawa.

Kwa tarehe za namba ndefu nitakupa njia ya mkato ninayoitumia kila siku. Sekunde tangu 1970 kwa sasa zina tarakimu kumi. Milisekunde zina kumi na tatu. Ukiona risiti imechapwa tarehe 20 au 21 Januari 1970, mtu amechukua sekunde akazisoma kama milisekunde. Ukiona mwaka wa elfu hamsini na kitu, amefanya kinyume. Hili la pili ni la hatari kuliko linavyochekesha. Vibali vya kuingia kwenye mfumo vya aina ya JWT huandika muda wa kuisha kwa sekunde, wakati `Date.now` ya JavaScript inatoa milisekunde. Kijana akijumlisha `Date.now` na 3600 akidhani ametoa kibali cha saa moja, ametoa kibali kitakachoishi kuliko wajukuu wa wajukuu zake. Programu itafanya kazi vizuri mno. Kila mtu ataingia bila shida, mwizi akiwemo.

Lugha. Hapa nina maoni makali kidogo. Komenti iandikwe kwa lugha ya mtu atakayeamshwa usiku kuitengeneza. Kama ninyi wanne wote ni Waswahili na mteja ni wa hapa hapa, andikeni Kiswahili, tena Kiswahili mnachosema. Nimeona komenti nyingi za Kiingereza cha kubahatisha ambazo hata mwandishi mwenyewe baada ya miezi sita alishindwa kuzifasiri. Alama za vipimo lakini ziwe za kimataifa: s, ms, µs, min. Usitumie m peke yake, maana mmoja atasoma dakika, mwingine mita, na wa tatu atadhani milisekunde ilikatika mkia.

Ila Kiswahili chetu kina mtego wake, na huo ni neno "saa". Ukiandika `saa = 3`, umesema nini? Yaweza kuwa saa tatu asubuhi, yaani 09:00. Yaweza kuwa saa tatu usiku, 21:00. Yaweza kuwa muda wa saa tatu kwa kipimo. Na asiyetujua ataona tatu ya usiku wa manane kwa saa za kizungu. Namba moja, maana nne. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa akituchapa kwa kusema "masaa". Wingi wa saa ni saa, alisema, na kisarufi alikuwa na haki yake. Kwenye msimbo namkosea adabu kwa makusudi: `masaa` kwa muda unaopita, `saa` kwa saa ya ukutani, na ile ya ukutani siandiki bila kutaja ni ukuta gani.

Maana huko nako kuna visa. Kijana mmoja alitakiwa kupanga ujumbe wa kuwakumbusha wateja uwe unatoka saa mbili usiku, watu wakiwa wametulia nyumbani. Kwenye ratiba ya seva, ambako dakika hutangulia na saa hufuata, akaandika:

    0 2 * * *   # kila siku saa 2 usiku

Mpitiaji, Mswahili mwenzake, akasoma komenti, akaona 2, akatikisa kichwa kukubali. Seva haijui Kiswahili. Mbili kwake ni 02:00, na juu ya hayo ilikuwa imewekwa kwenye saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo sisi tumezitangulia kwa masaa matatu. Ujumbe ukawa unalia kwenye simu za watu saa kumi na moja alfajiri. Baadhi ya wazee walishukuru, wakidhani ni kampuni ya Waislamu inayowaamshia swala. Mstari ule sasa unasomeka hivi (EAT ni saa za Afrika Mashariki):

    # saa 2 usiku ya Tanga = 20:00 EAT = 17:00 UTC (seva iko UTC)
    0 17 * * *

Hapa nimekubali namba irudiwe kwenye komenti, kinyume na nilivyosema juu, kwa sababu jina halipo, aina haipo, na msomaji anahitaji kuiona njia yote kutoka mdomoni mwa mteja mpaka kwenye seva.

Na "mwezi" usiwe kipimo kabisa bila maelezo. Siku thelathini ni kitu kimoja, "tarehe kama ya leo mwezi ujao" ni kingine, na mteja aliyelipia tarehe 31 Januari atakuuliza ya kwake inaisha lini. Sisi ambao hukesha ufukweni Raskazone tukitazama kama mwezi umeandama, ishirini na tisa au thelathini, hatuna udhuru wa kulisahau hilo.

Sasa namna ya kupitia. Kaka yako swali lake ni zuri, ila alilitoa kwa ubahili. "Kipimo?" peke yake inamfanya mtu ajione yuko mahakamani. Kukiwa na nafasi, mpitiaji aandike alichokiona: "Hii 30 naisoma kama sekunde, lakini `setTimeout` inataka milisekunde, kwa hiyo itangoja kufumba na kufumbua tu. Ulikusudia ipi?" Hapo kijana anajifunza mambo mawili kwa mpigo, na huenda mpitiaji mwenyewe akagundua kwamba aliyekosea ni yeye. Nimefanya hivyo mara nyingi. Nikiwa katikati ya kuandika lawama nafungua maelezo ya maktaba kuhakikisha, naifuta.

Pia asidai kipimo kila mahali. Kigeu kinachozaliwa, kinatumika na kufa ndani ya mistari mitatu, na mstari wa kwanza unasema `time.time()`, hakihitaji hotuba. Mpitiaji anayedai komenti hapo ndiye anayewafanya vijana waandike komenti za kumridhisha, na komenti za kumridhisha mtu ndizo zinazodanganya mapema. Nguvu iende kwenye namba za kudumu zilizo juu ya faili, kwenye mafaili ya mipangilio ambayo hata asiye fundi huyafungua, kwenye safu za kanzidata, na kwenye kila kinachotumwa au kupokewa kutoka mfumo wa mtu mwingine. Safu iitwayo `muda` kwenye kanzidata naichukia kuliko zote, maana msimbo unaoijaza unaweza kufutwa kesho na namba zikabaki zimelala humo miaka, hakuna wa kuulizwa.

Mafaili yenu ya zamani usiyavamie kwa siku moja. Ukiyapitia yote kwa pamoja utaandika vipimo kwa kukisia, na kipimo cha kukisia kilichoandikwa kwa wino ni kibaya kuliko kutokuwepo, kwa kuwa ajaye atakiamini. Rekebisha kila faili siku unapoligusa kwa kazi nyingine, ukiwa umeshaona namba inaenda wapi. Usipoweza kujua, andika hivyo hivyo: "kipimo hakijulikani, inaonekana ni sekunde, tazama fankisheni fulani". Anza na lile linalozungumza na malipo, kama mnalo.

Na ukimjibu kaka yako, mpe salamu zangu, halafu uniandikie tena uniambie hiyo 30 ilikuwa nini.